Mahafali ya binti Leeds mwezi Julai, naenda na mama mwenye matatizo ya magoti: tulale wapi mjini, na mashambani tulale wapi?

#1 UmmuSalma_Tanga

Assalaam aleikum wanajukwaa, na wasio Waislamu habari zenu.

Naomba mawazo. Binti yangu Salma anamaliza chuo Leeds, Uingereza, mahafali ni Jumatatu ya wiki ya pili ya Julai. Tunakwenda watatu: mimi, mama yangu mzazi mwenye miaka 71, na mdogo wake Salma mwenye miaka 9. Tutafika Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili ya wiki inayofuata, yaani usiku nane. Salma anaishi chumba cha wanafunzi na hawezi kutupokea.

Mama ni mtu wa Lushoto. Amefuga ng'ombe wa maziwa karibu maisha yake yote, na tangu tuanze kuzungumza habari za safari hana swali lingine: "Nitawaona ng'ombe wao?" Majengo hayamshughulishi. Magoti yake ni mabovu. Ngazi kumi anapanda kwa kupumzika, ishirini hapandi.

Nimeangalia mtandaoni mpaka kichwa kinauma. Picha zote nzuri, maoni yote yanasema "pazuri sana". Bajeti yangu ni pauni 90 hadi 110 kwa usiku, sisi watatu chumba kimoja au viwili vidogo. Tunakula halali. Je, tukae Leeds siku zote nane na kutembea kutokea hapo, au tugawe? Na mashambani watu wanasema lazima uwe na gari. Mimi siendeshi.

---

#2 Mzee_wa_Reli

Waaleikum salaam Mama Salma. Hongera kwa mahafali, na mfikishie mama shikamoo yangu.

Nimeishi West Yorkshire miaka kumi na tisa, wageni wa kutoka nyumbani nimewapokea wengi, na nimeona wengi wakikosea mahali pale pale: wanachagua nyumba kwanza, halafu ndipo wanatafuta namna ya kuifikia. Wewe anza na stesheni. Fungua ramani, tafuta stesheni za treni, na usiangalie nyumba yoyote iliyo mbali na stesheni kuliko mama anavyoweza kutembea bila kukaa chini. Ukishafanya hivyo, nyumba mia mbili ulizokuwa ukiziangalia zitabaki kumi na mbili, na kichwa kitapoa.

Leeds imekaa vizuri kwa hilo. Kutoka stesheni yake, York ni kama dakika 25, Saltaire kama 15, Bradford kama 20, Ilkley nusu saa, Harrogate dakika 35 hivi, Skipton kama 40. Zote hizo ni treni moja bila kubadilisha. Stesheni ya Leeds ina lifti, hilo lisikupe wasiwasi.

Jambo la pili, kabla hujalipa hata senti: chagua nafasi zinazokuruhusu kufuta bila kukatwa. Viza bado hujaipata. Utahitaji kuonyesha unapanga kulala wapi, lakini hakuna haja ya kumwaga pesa isiyorudi kabla ya jibu kutoka.

Jambo la tatu: usishukie London. Mashirika yanayopitia Doha na Dubai yanatua Manchester, na kutoka uwanja wa ndege wa Manchester kuna treni ya moja kwa moja mpaka Leeds na York. Utamwokolea mama nusu siku ya kuburuta mabegi.

---

#3 Kijana_wa_Eldoret

Salamu kutoka Sheffield. Mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo mfuko wangu ni mwembamba kuliko wa Mama Salma, na nitasema ninachokijua: hosteli za YHA.

Hiki ni chama cha tangu 1930. Watu wengi nyumbani wakisikia hosteli wanafikiria bweni la shule, vitanda ishirini na taa moja. Siku hizi nyingi zina vyumba vya familia vyenye mlango wa kufunga, na karibu zote zina jiko la wageni. Hilo jiko ndilo utajiri wenyewe. Unanunua kuku wa halali mjini, unafika unapika wali wako. York wanayo moja kando ya mto Ouse, unatembea kandokando ya maji mpaka katikati ya mji.

Pia vyuo kadhaa hukodisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi. Durham wanafika mbali zaidi: chuo kimoja kimo ndani ya ngome ya kale, na likizo zikifika unaweza kulala humo. Ila kwa magoti ya bibi hapo pana ngazi, simshauri.

Kwa wengine wanaosoma uzi huu bila mahafali ya Leeds: msiisahau Sheffield. Karibu theluthi ya eneo la jiji hili imo ndani ya hifadhi ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, ilitangazwa 1951. Unapanda treni ya Hope Valley, unashuka Hathersage au Edale, na milima ipo mbele yako. Unalala mjini kwa bei ya mjini na mchana uko porini. Kutokea Manchester ni reli hiyo hiyo, upande wa pili.

---

#4 Msafiri_Daima

Naomba nitofautiane kidogo na Mzee. Mashamba ya England hayapo kwenye reli. Vijiji vyenyewe, vile vyenye kuta za mawe na kondoo barabarani, havina stesheni. Kama kuna mtu mmoja kwenye familia anaendesha, kodisheni gari na nyumba nzima ya kijijini. Wanaendesha kushoto kama sisi. Leseni ya Tanzania au Kenya mgeni anaitumia hadi miezi 12. Hata plagi za ukutani ni zile zile za pini tatu za mraba, huna haja ya adapta.

Nyumba nzima ina jiko, ina mashine ya kufulia, ina bustani ya mtoto kukimbia. Mkiwa watu wanne au watano, inaishia kuwa nafuu kuliko vyumba viwili vya hoteli. Kitu kimoja tu: Julai na Agosti wengi wanakodisha kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi au Ijumaa hadi Ijumaa. Nje ya msimu ndipo unapata siku tatu au nne.

---

#5 Mzee_wa_Reli

Msafiri, yote uliyosema ni kweli, na mwenye dereva afuate ushauri wako. Lakini Mama Salma ameshasema haendeshi, na Salma ni mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu. Kampuni nyingi za magari humtoza ziada dereva mwenye umri huo. Barabara za kule Dales, mabonde ya mashambani ya Yorkshire, zina upana wa gari moja na ukuta wa mawe kila upande. Mtu aliyezoea lami ya Segera atatoka jasho.

---

#6 Nipo_Bradford

Nami nitoe ushuhuda wangu ili mwingine asipitie nilikopita.

Mwaka juzi nilimpeleka mke wangu mapumziko siku mbili kijiji kimoja cha Yorkshire Dales. Chumba juu ya baa ya kijiji, picha nzuri mno, moto unawaka kwenye sebule ya mawe. Tangazo liliandika "dakika 15 kutoka stesheni". Tukafika stesheni Jumapili saa kumi na moja jioni. Tukatafuta basi. Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka saa nyingi, na lingine ni kesho yake asubuhi. Zile dakika 15 zilikuwa za gari! Taksi ikaja baada ya dakika 50, pauni 38. Tunafika, jiko limefungwa. Mapokezi ni kaunta ya baa, na chumba chetu kipo juu yake hasa, tukasikiliza muziki mpaka saa tano usiku. Mke wangu hanywi, hajawahi kukanyaga baa, alipita pale kichwa chini. Hilo ndilo liliniuma kuliko pauni 38.

Sasa kila nikiona umbali kwenye tangazo nauliza kwa maandishi: ni kwa miguu au kwa gari? Na Jumapili kuna basi? Waulizeni wenye nyumba wenyewe. Kama hawajibu swali dogo hilo kabla hujalipa, fikiria watakujibu nini ukiwa umekwama.

Kuhusu mabasi kwa jumla, yakiwepo ni nafuu: tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya England haizidi pauni 3. Ila "yakiwepo" ndiyo neno lenyewe.

---

#7 BintiPemba

Ummu Salma waaleikum salaam. Mimi naishi Leicester, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, kwa hiyo magoti ya mama ndiyo nitakayoyasemea.

Ngazi umeshaziona, lakini kuna bafu. Nyumba za kizamani na hata hoteli nyingi shawa imewekwa juu ya beseni la kuogea. Mtu anatakiwa anyanyue mguu avuke ukingo unaofika magotini, huku chini kunateleza. Wazee wengi ninaowahudumia wameangukia hapo. Uliza shawa ya kuingia bila kuvuka kitu. Hoteli za kisasa zina vyumba vya walemavu vyenye vyuma vya kushikilia ukutani, na bei huwa ile ile ya chumba cha kawaida. Usione haya kuomba.

Kuhusu ngazi, usiulize "mna lifti?" peke yake. Nyingi ya zile nyumba za B&B, yaani malazi pamoja na chai ya asubuhi, ni nyumba za zama za Malkia Victoria. Nyembamba, ndefu kwenda juu, na baadhi zimelindwa kisheria kama urithi, huwezi kuzitoboa kuweka lifti. Omba chumba cha chini kabisa, usawa wa barabara. Kisha uliza tena: kutoka barabarani mpaka mlangoni kuna ngazi ngapi? Nyingi zina tatu nne pale nje, na hawazihesabu.

Vitanda: wakiandika "double" ni kitanda kimoja cha wawili, wakiandika "twin" ni viwili. Nimeona mtu na baba mkwe wake wakipewa kitanda kimoja kwa sababu ya neno hilo.

Chai ya asubuhi: ile sahani yao kubwa ina soseji na nyama ya nguruwe. Waambie siku ya kuweka nafasi kwamba mnataka ya wasiokula nyama, na mayai yakaangwe kikaango kingine. Mwenye B&B anapika mwenyewe, mara nyingi atakusikiliza kuliko hoteli kubwa yenye meza ya kujihudumia.

Bebeni kopo la chooni. Huko ni karatasi tupu. Na mabafu mengine ya zamani yana zulia sakafuni, mkitawadha mwagieni ndani ya beseni.

---

#8 UmmuSalma_Tanga

Bi Pemba Mungu akulipe, la beseni nisingelifikiria kabisa. Na kopo nimeshaandika.

Samahani nitoke nje kidogo ya mada: Leicester wanasema kuna watu wetu wengi?

---

#9 BintiPemba

Wapo, na kuna Wahindi waliozaliwa kwetu. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, wengi walikuja hapa, na wengine kutoka Kenya na Tanzania. Ukienda Belgrave Road utawasikia wazee wa Kihindi wakinunua mboga kwa Kiswahili safi kuliko cha watoto wangu. Kwenye orodha za vyakula utaona "mogo". Ni muhogo wetu, wa kukaanga, wenye pilipili. Siku ya kwanza kuuona nilikaa pale nikala sahani mbili peke yangu.

Mkipata siku ya ziada karibuni. Kwa safari hii ya siku nane na mama, bakini Yorkshire.

---

#10 Mzee_wa_Reli

Mama Salma, nimekaa na kalenda yako jana usiku. Nilitaka kukuambia mlale Harrogate baada ya mahafali: mji tulivu, wenye uwanja mkubwa wa nyasi katikati, na reli yake inaunganisha Leeds na York. Kisha nikaona tarehe.

Wiki hiyo hiyo ya pili ya Julai, kwa kawaida Jumanne hadi Ijumaa, Harrogate kuna maonyesho ya kilimo na mifugo yanayoitwa Great Yorkshire Show. Wakulima wanakuja na ng'ombe, kondoo, farasi, mbuzi. Vyumba vya Harrogate wiki hiyo huisha mapema na vinavyobaki bei yake hupaa. Kwa hiyo Harrogate kulala, hapana. Lakini mama yako anauliza ng'ombe! Kila ng'ombe bora wa kaskazini mwa England atakuwa pale ameoshwa na kuchanwa manyoya. Msilale Harrogate, nendeni Harrogate mchana. Tiketi za maonyesho nunueni mapema mtandaoni, msitegemee getini.

Mpango wangu ni huu. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu laleni Leeds, hoteli ya kisasa yenye lifti karibu na stesheni. Siku ya mahafali msitegemee treni yoyote, muwe mjini tayari. Na mkumbuke hamtakuwa wazazi peke yenu mnaotafuta chumba wiki hiyo, kwa hiyo hii ndiyo nafasi ya kuweka leo. Jumapili mpelekeni mtoto York. Jumba la makumbusho ya reli lipo pembeni ya stesheni, kuingia ni bure, na ndani yumo Mallard, injini ya mvuke iliyokwenda maili 126 kwa saa mwaka 1938. Kuta za kale za mji msimpandishe mama.

Jumanne hadi Ijumaa usiku, laleni Ilkley. Hapa nina sababu. Ilkley ni mwisho wa reli: mnashuka na kutembea moja kwa moja hadi barabarani, hakuna daraja la kupanda wala la kupita chini. Ni mji mdogo wenye maduka, daktari, duka la dawa. Upande wa kusini kuna kilima kikubwa cha nyasi na mawe, kondoo wapo mpaka ukingoni mwa nyumba. Angalia tu hili: upande huo wa kusini barabara zinapanda kama Lushoto kwenu. Tafuta nyumba upande wa kaskazini, kuelekea mto Wharfe, ndiko kwenye tambarare. Watu wanaona "dakika 8 kutoka stesheni" na hawaulizi ni dakika 8 za kupanda au za kuteremka.

Na chakula: kutoka Ilkley kuna treni ya moja kwa moja mpaka Bradford, nusu saa hivi. Nyama ya halali Bradford huna haja ya kuuliza.

Jumamosi ya mwisho laleni hoteli ya uwanja wa ndege wa Manchester. Ndege za asubuhi na reli ya Jumapili havipatani, matengenezo mengi ya reli hufanywa wikiendi.

---

#11 Kijana_wa_Eldoret

Mzee huu mpango ni dhahabu. Naongeza mbili. Tiketi za treni za mapema kwa kawaida hufunguliwa kama wiki 12 kabla ya safari, kwa ile ya Manchester zitawaokolea pesa. Na kuna kadi ya punguzo ya familia, inakata theluthi moja ya nauli kwa wakubwa na zaidi kwa mtoto.

Duka kubwa la chakula Jumapili linafunguliwa kwa muda wa saa sita tu, ni sheria ya tangu 1994. Mkifika Jumapili jioni mkitegemea kununua mkate, mtakuta pazia limeshuka. Viduka vidogo vinabaki wazi.

---

#12 Msafiri_Daima

Nakubali kushindwa kwa safari hii. Mwezi Julai msisahau pazia. Jua linazama kama saa tatu na nusu usiku na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshachomoza. Mtoto hatalala. Na hakuna feni. Watu wanadhani England ni baridi tu, lakini Julai 2022 ilifika nyuzi 40.3 pale Lincolnshire. Chumba cha darini siku kama hiyo ni tanuri, hata kama picha yake inapendeza.

---

#13 UmmuSalma_Tanga

Nimesoma yote na binti amesoma. Hoteli ya Leeds tumeshaweka, chumba chenye shawa ya kuingia moja kwa moja, tunaweza kufuta mpaka siku mbili kabla. Ilkley nimeandikia nyumba nne maswali yale yale matano: ngazi ngapi kutoka barabarani, chumba cha chini kipo, shawa ya aina gani, mayai kikaango kingine, na dakika za stesheni ni kwa njia gani, ya kupanda au tambarare. Wawili hawajajibu. Mmoja amejibu "tuna ngazi lakini si nyingi". Mmoja, mwanamke, amejibu kila swali kwa namba, akasema ngazi za nje ni moja tu na amepima ukingo wa shawa ni sentimita nne. Pauni 118, imezidi kidogo. Nimemchagua huyo.

Nitaleta mrejesho inshallah.

---

#14 UmmuSalma_Tanga (Agosti)

Wanajukwaa, tumerudi salama, alhamdulillah. Nilichelewa kuandika kwa sababu nyumba ilijaa wageni wa pongezi.

Leeds ilikuwa kama Mzee alivyosema. Asubuhi ya mahafali mvua ilinyesha, tukatembea dakika chache tu mpaka kwenye teksi, na nguo za mama hazikulowa. Familia moja tuliyokaa nayo ukumbini walikuwa wamelala mji mwingine kuokoa pauni 30, treni yao ikafutwa, baba akaingia binti yake ameshaitwa jina. Nilimhurumia yule baba mpaka leo.

Ilkley. Yule mwenye nyumba alikuwa anatungoja mlangoni. Alikuwa amemtolea mama kiti cha kuogea alichokitumia mama yake mwenyewe kabla hajafariki. Hatukumwomba. Asubuhi alileta kikaango kipya bado kina kibandiko cha dukani, akamwonyesha mama, kisha ndipo akakaanga mayai. Mama hajui Kiingereza, lakini kikaango kile alikielewa.

Jumatano tukaenda kwenye maonyesho. Treni mbili, kubadilisha Leeds, kisha teksi kutoka stesheni ya Harrogate. Nilikodi kiti cha magurudumu, mama akakataa kwa dakika tano, kisha akakaa. Tulipofika kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa alinyamaza kabisa. Mimi nikadhani amechoka. Alikuwa anahesabu. Alikuta wale weusi na weupe kama wake wa Lushoto, ila wakubwa mara moja na nusu, kiwele kinakaribia kugusa majani. Akamwambia Salma amuulize mwenyewe anakamua lita ngapi. Yule mkulima, mzee mwenye koti jeupe, akajibu, halafu akamuuliza mama wa kwake wanatoa ngapi na wanakula nini. Mama akamweleza habari za majani ya matembo na mabua ya mahindi, Salma anatafsiri jasho linamtoka. Walizungumza nusu saa. Mzee yule akampa mama mkono, na mama, ambaye hampi mwanamume mkono, akautazama kidogo, akaweka wake kifuani na kuinama. Naye akafanya vivyo hivyo.

Alhamisi tulikwenda Saltaire, kijiji cha wafanyakazi alichoanza kukijenga Titus Salt mwaka 1851 karibu na kiwanda chake cha sufu. Njia ya pembeni ya mfereji ni tambarare kabisa, mama alitembea mwenyewe na mkongojo mwendo mrefu kuliko siku zote za safari. Ijumaa tulichukua teksi mpaka Bolton Abbey, magofu ya kanisa kando ya mto, na mwanangu akavuka mto kwa kuruka mawe yaliyopangwa majini, akarudi, akavuka tena.

Kasoro: chumba cha Ilkley kilikuwa kidogo, mabegi mawili tuliyaweka chini ya kitanda na moja bafuni. Pazia lilikuwa jepesi, Msafiri alisema kweli, tukabandika kanga dirishani. Na kelele za kondoo saa kumi alfajiri, ingawa mama amesema hizo si kelele.

---

#15 Nipo_Bradford

Mama Salma nimesoma ya kikaango nikamsomea mke wangu. Ameniambia tulipie nyumba hiyo hiyo. Naomba jina lake pembeni tafadhali.

---

#16 UmmuSalma_Tanga

Nimekutumia ujumbe. Hapa hadharani siandiki, ana vyumba vitatu tu na hapendi simu nyingi.

---

#17 Dada_wa_Kigamboni

Hongereni sana. Mimi nakwenda mwisho wa Oktoba na wanangu wawili, mdogo anaanza chuo Manchester. Natafuta pia siku tatu za mashambani. Nifuate mpango huu huu?

---

#18 Mzee_wa_Reli

Dada, Oktoba ni habari nyingine. Wiki ya mwisho shule zao zinafunga, familia zinajaa kwenye nyumba za mashambani. Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi, na baada ya hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo kutembea vijijini ni asubuhi, na nyumba iwe na joto la kutosha: uliza kama mnaliwasha wenyewe au mwenye nyumba ndiye anayeamua saa.

Kwa Manchester usianze na Ilkley, anza na ile reli ya Hope Valley aliyoitaja Kijana. Watoto wana magoti mazima? Niandikie tarehe.